Kunguni wa Chumba cha Tatu

MSOMAJI wetu mmoja, mwenye nyumba ya kupangisha huko Mbagala, ametuandikia akiuliza: mpangaji akileta kunguni ndani ya nyumba, je, mwenye nyumba anayo haki ya kumtoa bila ya kumrejeshea kodi iliyobaki? Anaongeza kuwa kodi za vyumba vya jirani zimepanda, na kwamba anaye mtu aliye tayari kuingia hata kesho. Tumelisoma swali hili zaidi ya mara moja. Si kwamba jibu lake ni gumu. Ni kwamba sisi wenyewe, katika kamati ya msikiti tunayoitumikia kwa ukatibu, tuliwahi kulijibu kwa vitendo, na tulilijibu vibaya.

Msikiti wetu, huku upande wa Temeke, unayo nyumba moja ya wakfu. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, choo na bafu uani, bati juu na hapana dari. Mzee aliyeiweka wakfu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliandika kwamba kodi yake itumike kuwalipa walimu wa madrasa na kulipia maji ya kutawadhia. Vyumba vitano vilikuwa na wapangaji, kila kimoja kikilipiwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Chumba cha pili tulikifanya stoo. Kwa miaka mingi hapana aliyeuliza kama kiwango hicho kinalingana na hali ya mtaa. Wapangaji walilipa, walimu walipata posho yao, na hesabu ilisomwa kila mwisho wa mwaka bila ya maneno mengi.

Kisha barabara ya mtaa wetu ikawekwa lami, na dalali mmoja ambaye hatukuwa tukimwona sana akaanza kuswali nasi mara kwa mara. Baada ya salamu, alikuwa na habari. “Mashekhe, chumba kama hivi vyenu sasa ni 80,000, na mtu anakulipa ya miezi sita kwa mkupuo. Nyinyi mnaupunja wakfu.” Neno hilo la kuupunja wakfu lilituchoma, na yeye alijua kuwa litatuchoma. Mjumbe mmoja alipiga hesabu palepale barazani: tofauti ya 30,000 kwa vyumba vitano ni 150,000 kila mwezi, yaani posho ya mwalimu wa nne.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, kwani jambo hili la kujua kodi ya haki ya mtaa linawasumbua wenye nyumba na wapangaji pia. Tangu sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, hapana chombo kinachokutajia kiwango. Kodi ni yale mnayokubaliana. Kwa hiyo watu wengi hulichukua neno la dalali kuwa ndilo soko. Lakini dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja kila chumba kinapopata mtu mpya, na hapati kitu mpangaji wa zamani anapokaa. Ana sababu ya kutaka watu wahame, na ana sababu ya kutaja bei ya juu. Bei anayoitaja ni ile inayoombwa. Inayolipwa huijua aliye ndani. Uliza wapangaji watatu waliokaa mwaka au zaidi katika nyumba zinazofanana na yako, uliza vyumba vilivyo vitupu vimekaa vitupu kwa muda gani, kisha ndipo useme. Tulipokuja kufanya hivyo, tukiwa tumechelewa, tulikuta vyumba vinavyofanana na vyetu vikilipiwa baina ya 55,000 na 65,000, na kile kilichotajwa kwa 80,000 kilikuwa na choo chake ndani.

Mpangaji naye ahesabu yote, si kodi peke yake. Ipo pesa ya kuonyeshwa chumba, ambayo hulipwa hata usipokipenda. Ipo ya udalali. Na tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, nayo kwa asili yake ni deni la mwenye nyumba. Kama mpangaji ndiye anunuaye umeme, haki ni arejeshewe au ipunguzwe katika kodi yake. Tumeona nyumba ambamo watu sita huilipa na mwenye nyumba hata hajui kuwa yupo anayemlipia.

Turudi kwenye kisa chetu. Mwishoni mwa Mfungo Pili, mama wa chumba cha tatu alitujia baada ya swala ya alasiri. Ni mjane, muuza vitumbua, na alikuwa katika nyumba ile kwa miaka tisa. Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia huku na huku: “Ustadhi, samahani, chumbani mwangu wameingia kunguni. Nimemwaga maji ya moto, nimeanika godoro, hawaishi. Naomba kamati ije itazame.”

Tulimwambia tutakuja. Hatukwenda. Katika siku chache zilizofuata, wapangaji wawili wa upande wa pili wakaanza nao kujikuna, wakasikia kuwa yule mama amesema anao, wakahitimisha kuwa yeye ndiye aliyewaleta. Mmoja akasema huwaleta katika mafungu ya nguo za mitumba ya bintiye. Mwingine akasema chumba chake ni kichafu, jambo ambalo yeyote aliyewahi kula vitumbua vyake angelikanusha. Maneno yalifika kwenye kamati yakiwa yamekwisha kuwa habari ya hakika. Dalali alikuwepo. Alisema anaye kijana, mfanyakazi, aliye tayari kukichukua chumba kile kwa 80,000.

Tulikaa kikao kwa muda usiofika nusu saa. Barua tuliiandika sisi, kwa mkono wa katibu, tukampa yule mama mwezi mmoja wa kuhama kwa sababu ya “kuingiza wadudu waharibifu na kuhatarisha afya ya wapangaji wengine.” Ilisomwa ukumbini mbele ya wapangaji wote, ili iwe fundisho. Hakuna mjumbe aliyeingia chumbani mwake kutazama, na hakuna aliyesema kwa sauti kwamba tofauti ya 30,000 ilikuwa imekaa nasi katika kikao kile kama mjumbe wa nane.

Ni lazima tueleze kidogo habari za mdudu huyu, kwani kutomjua ndiko kulikotuponza. Kunguni haruki wala hapandi mwilini akaishi humo kama chawa. Mchana hujificha katika mishono ya godoro, nyufa za kitanda, nyuma ya picha, ndani ya soketi ya umeme. Usiku hutoka, hunyonya kwa dakika chache, hurudi. Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake yakafika mamia. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja au mbili. Akikosa damu hafi upesi. Huvumilia wiki nyingi, hata miezi. Hahitaji uchafu. Anahitaji binadamu aliyelala, na ufa wa kujibana. Ndiyo maana huonekana katika hoteli za kifahari sawa na katika mabanda, na huingia kwa begi la msafiri, kwa kitanda kilichonunuliwa mkononi, kwa kochi la mtumba. Haijathibitika kwamba anaambukiza maradhi kwa kuuma kwake, lakini mtoto asiyelala usiku hasomi mchana, na mwenye kujikuna hupata vidonda.

Katika nyumba ya Kiswahili yapo mengine zaidi. Kuta hazifiki batini, na hapana dari. Kunguni wa chumba kimoja hupanda ukuta na kushukia chumba cha pili. Mtu akipuliza dawa chumbani kwake peke yake, wengi hawafi. Huhamia kwa jirani, kisha dawa ikichuja hurudi. Na kwa kuwa kila mtu anaona aibu kusema, kila mtu hupuliza siku yake, kwa siri, na wadudu hutembezwa kutoka chumba hadi chumba kama wageni wa harusi.

Dawa nazo. Kila mkaaji wa Dar es Salaam amewazoea wale vijana wenye vipaza sauti wapitao wakitangaza dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto na chawa, yote katika kifuko kimoja. Wapangaji wetu walikwisha kununua hizo mara tatu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji vya nchi yetu ukionyesha kuwa kunguni wa huku walikwisha kuwa sugu kwa dawa za jamii ile inayotiwa katika vyandarua. Nyingi ya dawa za madukani ni za jamii hiyohiyo. Kwa hiyo mtu hupuliza, huona waliokufa kumi, hufurahi, na mia waliobaki huzaana. Wengine hukata tamaa wakamwaga mafuta ya taa kitandani, au wakatumia dawa ya shambani katika chumba wanacholala watoto. Tunasema wazi: hayo yanaua watu kabla hayajaua kunguni.

Ilibaki wiki moja mwezi wa yule mama kutimia pale mjumbe wetu mmoja, bwana afya mstaafu ambaye hakuwepo katika kikao kile, aliporudi kutoka safarini. Aliuliza swali moja tu: “Nani aliyetazama?” Tulipokosa jibu, alichukua tochi na kadi ngumu, akatuongoza wawili wetu nyumba nzima, chumba baada ya chumba. Alikuwa akiipitisha kadi katika nyufa na kutuonyesha alama: madoa meusi kama ya wino, magamba yaliyovuliwa, mayai meupe madogo kuliko punje ya mchele. Kwa mama wa chumba cha tatu alikuta machache, karibu yote juu ya ukuta mmoja, ule unaopakana na chumba cha pili. Chumba cha kwanza, cha kijana fundi cherehani, alikuta mengi; kijana akainamisha kichwa na kukiri kuwa anaumwa nao tangu Mfungo Mosi, ila aliona haya kusema. Ukuta wake wenye alama nao ulikuwa ule wa chumba cha pili.

Chumba cha pili ni stoo yetu. Ufunguo wake anao katibu.

Ndani yake mlikuwa na magodoro 12 ya wanaokaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Manane yalikuwa mapya, sadaka ya waumini. Manne tuliyanunua sisi yakiwa yametumika, kutoka katika nyumba ya wageni iliyokuwa ikifungwa, kwa sababu yalikuwa rahisi, na tuliandika katika hesabu kwamba tumeuokolea msikiti fedha. Bwana afya aliufungua mshono wa godoro la kwanza kati ya yale manne. Hatutaeleza tulichokiona; baadhi ya wasomaji husoma ukurasa huu wakinywa chai.

Wadudu waliingia kwa mkono wetu, wakafungiwa kwa kufuli letu, na walipokosa watu wa itikafu wakapita juu ya kuta kuwatafuta waliolala. Aliyelaumiwa ni yule aliyekuwa wa kwanza kusema, kwa sababu alisema. Walionyamaza walionekana wasafi.

Jioni hiyo kikao kilichukua saa tatu. Walikuwapo waliotaka magodoro yachomwe usiku, barua iachwe ipite kimyakimya, na mama aambiwe tu kuwa kamati imemhurumia. Tulikataa, na hapa ndipo elimu ya chuoni ilipotufaa kidogo. Katika hukumu za ijara, mpangishaji anauza manufaa ya nyumba. Ikizuka aibu inayoharibu manufaa hayo bila ya mpangaji kuisababisha, anayewajibika kuiondoa ni mpangishaji, na asipoiondoa mpangaji anayo hiari ya kuvunja mkataba na kurejeshewa kodi ya muda uliobaki. Anayedai kuwa mpangaji ndiye aliyesababisha, juu yake kuleta ushahidi. Sisi tulichukua dhana tukaipa sura ya ushahidi. Kisha lipo la msimamizi wa wakfu: hasara inayotokana na uzembe wake hailipwi kwa mali ya wakfu. Yule mama alikwisha kutumia 45,000 kwa kuonyeshwa vyumba Chamazi na Chanika, na kwa nauli. Wajumbe saba tulichanga mifukoni mwetu. Mjumbe aliyepiga hesabu ya 150,000 ndiye aliyetoa zaidi, na tunalitaja hilo kwa kuwa ni haki yake.

Tulikwenda kwake asubuhi, akiwa anachoma vitumbua. Tulimweleza yote bila ya kupunguza. Alisikiliza, akageuza vitumbua vyake, akasema: “Nimesamehe, ustadhi. Lakini ile barua mliisoma ukumbini. Hii nyingine nayo isomwe ukumbini.” Ilisomwa Ijumaa hiyo hiyo, na msomaji wake alikuwa yule yule wa kwanza.

Kazi ya kuwaondoa wadudu ilituchukua wiki sita. Yale magodoro manne tuliyachoma. Manane mengine yalifungwa katika mifuko mizito ya plastiki na kutiwa dawa na mtaalamu. Vyumba vyote sita vilipulizwa siku moja, wapangaji wakiwa wametoka na watoto wao hadi jioni, na dawa ikiwa ni mchanganyiko aliouchagua mtaalamu baada ya kujua zile zilizokwisha kushindwa. Baada ya siku 14 ikarudiwa, kisha tena baada ya siku 14, kwa kuwa dawa nyingi haziyaui mayai, na lazima uwasubiri wanaoanguliwa kabla nao hawajaanza kutaga. Anayepuliza mara moja ametupa fedha yake. Nguo na mashuka yalichemshwa. Kuanika godoro juani, jambo ambalo sote tulilitegemea, halitoshi: kunguni huhamia upande wa kivuli na kungoja magharibi. Vitanda vya mbao vilifunguliwa viungo vyote na kumwagiwa maji yanayochemka. Nyufa za kuta zilizibwa kwa saruji, soketi zilizolegea zikafungwa na fundi wa umeme, na kila kitanda kikasogezwa mbali na ukuta. Gharama ya mtaalamu ilitoka katika kodi ya nyumba, kwani hayo ni matengenezo ya nyumba. Bei ya magodoro mapya manne ilitoka kwetu.

Kwa anayetafuta chumba au nyumba ya kununua, tunasema machache. Usikubali kuonyeshwa usiku tu, wala mchana tu. Sogeza kitanda au kabati kama kipo, angalia pembe na soketi kwa tochi. Chumba kinachopigwa rangi mpya kila mpangaji anapotoka kiulizwe kinafichwa nini. Kwa nyumba ya kununua, adui mkubwa ni mchwa: tafuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, gonga fremu za milango usikie kama mbao zimebaki ganda, panda juu uone kenchi. Wazee wa pwani walijengea boriti za mikoko, na mbao za mninga na mvule, kwa sababu mchwa huzishindwa. Mbao laini za siku hizi zisizotiwa dawa huliwa ndani ya miaka michache huku rangi ya nje iking'aa. Panya hutafutwa kwa kinyesi na kwa waya zilizotafunwa, na tundu linalopitisha kalamu linampitisha panya mdogo. Haya usimwulize dalali. Mwulize jirani, na kama inawezekana, mwulize aliyehama.

Sasa jibu la ndugu yetu wa Mbagala. Kumtoa mpangaji na kuzuia kodi iliyobaki, kwa kunguni ambao hujathibitisha wametoka wapi, haifai katika sheria ya dini, na mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya itakuwia vigumu kuitetea, hasa kama mkataba wenu umeandikwa na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Tazama kwanza vyumba vyote, na uanze na kile unachokimiliki ufunguo wake. Ukitaka kuongeza kodi, iongeze kwa jina lake, mkataba unapokwisha, kwa notisi na kwa kiwango ulichokichunguza. Sisi tuliongeza mwezi wa Muharram: kila chumba 60,000, wapangaji wote wakikaa na kukubali, na mama wa chumba cha tatu akituchachafya kuliko wote mpaka tukaahidi kujenga choo cha pili.

Stoo tuliihamishia msikitini, na chumba cha pili kikapata mtu. Kabla hajatoa fedha tulimketisha tukamweleza kisa chote, magodoro na kila kitu, na tarehe ya dawa ya mwisho. Alifikiri kidogo, akaomba apunguziwe 5,000 kwa miezi mitatu ya mwanzo, kwa ajili ya wasiwasi. Tukampunguzia. Dalali aliyekuwa amemleta alitoka nje kabla hatujamaliza kuandikiana.